Dobi wa Miyuji aliyeionea wivu mikono ya mwenzake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jua bado halijapanda, na upepo wa Juni unatikisa mabati ya nyumba moja ya wageni huko Miyuji, mjini Dodoma. Uani, Loisi Ndahani amechuchumaa mbele ya mabeseni matatu. Anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro, kisha anatumbukiza mikono yote miwili kwenye maji.

“Yesu wangu,” anasema kwa sauti ndogo.

Maji ni ya baridi, lakini si baridi inayomtoa machozi. Ni sabuni inayopenya kwenye mipasuko ya mikono yake. Anayo mipasuko kumi na mmoja: sita mkono wa kulia, mitano wa kushoto. Ameihesabu. Mmoja, ulio chini ya dole gumba, ni mrefu kuliko punje ya mchele, na hufunguka kila anapokamua shuka.

Hatua nne kutoka alipo, mwanamke mwingine anasuuza foronya huku akiimba pambio. Ni Evarista Mgaya, dobi mwenzake, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Mikono yake ni laini, inang'aa kidogo, haina hata mkwaruzo.

“Mtazame,” Loisi ananong'ona bila kuinua kichwa. “Maji yetu ni yale yale, sabuni ile ile, kamba moja ya kuanikia. Yeye mikono kama ya bibi harusi, mimi kama gome la mgunga. Sasa hapo mtu asione wivu?”

Ni Jumatatu. Ifikapo Jumamosi, mmoja kati ya wanawake hawa wawili ataajiriwa.

Loisi, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, ameosha nguo za watu tangu mwaka 1989. Hulipwa kwa nguo: shilingi thelathini kwa shati, mia moja kwa jozi ya shuka. Mwezi mzuri humpatia shilingi elfu kumi na nne. Mwezi mbaya hata elfu sita hazifiki, na nusu yake humezwa na sabuni.

Sasa mwaka huu wa 1997 nyumba hiyo ya wageni imeamua kuajiri dobi wa kudumu wa nguo laini: magauni, mitandio, magagulo na blauzi za wageni wa kike wanaofika kwa ajili ya vikao vya Bunge. Mshahara ni shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi, na chakula cha mchana.

Fedha ni muhimu, anakiri Loisi, lakini kuna jambo jingine analolitaka zaidi.

“Mlangoni pale ofisini pana karatasi ya majina ya wafanyakazi,” anaeleza. “Mpishi yupo, mlinzi yupo, hata anayefagia yupo. Mimi nimefulia hapa miaka minane, sijawahi kuandikwa popote. Mgeni akiuliza nani kafua shati hili, wanasema, ‘Yupo mama mmoja hivi.’ Nimechoka kuwa mama mmoja hivi.”

Anayeamua ni Joha Bashiri, msimamizi wa nyumba, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Joha ana mtandio wa nailoni wa rangi ya waridi anaoutunza kwenye droo. Dobi anayetaka kushika nguo laini huitwa ofisini, mtandio hutandazwa mezani, naye hupitisha viganja juu yake polepole, kutoka pindo hadi pindo. Uzi ukinasa kwenye ngozi, mazungumzo yameishia hapo.

“Si roho mbaya,” anasema Joha. “Mwaka juzi mgeni alirudishiwa gagulo limevutwa nyuzi tangu kiunoni hadi chini. Sabuni haikufanya vile. Ulikuwa mkono wa mtu.”

Hasemi ni mkono wa nani. Loisi naye anatazama pembeni.

Mwaka jana Loisi aliupitia mtandio huo mara mbili. Mara zote mbili ulinasa kama umetupwa kwenye miiba.

Miezi ya Juni na Julai ndiyo mibaya. Mvua zimekatika, nyasi zimekauka, na upepo unaovuka uwanda huu hauna hata tone la unyevu. Ngozi hupauka hadi kuwa nyeupe, kisha hupasuka. Wenyeji wamezoea. Wakulima wa mizabibu wana mipasuko, wachungaji wanayo, na mume wa Loisi, Yotham, anayepogoa mizabibu ya watu, anayo hadi visiginoni.

“Nikimshika bega asubuhi kumwamsha, anaruka,” anasema Loisi, na kwa mara ya kwanza anacheka. “Ananiambia, ‘Mama Abeli, hebu niamshe kwa mdomo. Huo mkono ni msasa.’”

Zamani hali haikuwa mbaya hivi, anakumbuka. Enzi za uhaba wa bidhaa, sabuni ya mche ilikuwa ikigawanywa kwa uzi, na watu walifua kwa uchache. Maduka yalipofunguliwa, sabuni za unga zikamiminika kutoka kila nchi, zenye povu jingi na harufu ya maua. Nguo ziling'aa. Mikono ikalipa.

Pamoja na sabuni zilikuja dawa, na Loisi amezijaribu karibu zote. Alinunua mafuta ya mgando kutoka ng'ambo, chupa yenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Akajaribu gliserini iliyochanganywa na limau.

“Ile usiniulize. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.”

Akadondoshea nta ya mshumaa kwenye mipasuko. Ikatoka siku hiyo hiyo, ndani ya beseni. Mwisho akamsikiliza Bartolomayo, muuza maji wa mtaa, anayesukuma madumu kwa mkokoteni na kutoa ushauri bure.

“Nilimwambia azibe kwa gundi ya viraka vya matairi,” anasema Bartolomayo, akishusha dumu la mwisho. “Mimi huziba hivyo hivyo. Tairi ni ngozi, mkono ni ngozi.”

“Na ulimwambia vidole vitagandana?” Loisi anauliza.

“Hukuniambia utafumba ngumi, mama.”

Tiba zote hizo alizitafuta kwa sababu moja: Evarista alikuwa amefika.

Evarista alitoka Njombe, mkoani Iringa, miaka miwili iliyopita, akimfuata mumewe aliyehamishiwa kazi Dodoma. Aliomba kufua, akapewa beseni. Loisi alisubiri kipupwe cha kwanza kwa hamu. Alijua upepo utamnyoosha mgeni huyo.

Juni ikaja, Julai ikapita. Mikono ya Evarista haikubadilika.

“Nilianza kumchunguza,” Loisi anasimulia. “Akila, namtazama mikono. Akianika, natazama. Kanisani tukipeana amani, naupapasa mkono wake nijue umepakwa nini. Kufikia Agosti nilikuwa simpendi. Hajanikosea chochote, lakini simpendi.”

Akampa jina: Bibi Harusi. Kila asubuhi alimpokea nalo.

“Bibi Harusi wetu ameamka? Leo utafua, au tuje tukupake hina?”

Evarista alikuwa akijibu kwa upole, “Shikamoo dada Loisi,” na kuinama kwenye beseni lake. Upole huo ulimkera Loisi kuliko matusi.

Jambo lililomuudhi zaidi lilikuwa kipande cha kitenge ambacho Evarista hukichomeka kiunoni. Kila alipotoa mikono kwenye maji, hata kama ni kwa kwenda kuanika soksi moja, alikitoa kitenge hicho na kujifuta, kidole kwa kidole.

“Nilisema huyu anaringa,” anasema Loisi. “Anajifuta kama maji yetu ya Dodoma yana uchafu. Sisi hapa ukimaliza kufua unakung'uta mikono, basi, upepo unakausha. Nani ana muda wa kujifuta? Shuka lenyewe linakauka kabla hujamaliza kuanika la pili.”

Aliamini siri iko kwenye kikapu. Ndani ya kikapu cha Evarista kulikuwa na kikopo kidogo, ambacho alikifungua akiwa amempa mwenzake mgongo.

Karibu wiki nne zilizopita, Joha alipotangaza nafasi ya kazi, Loisi alishindwa kujizuia. Evarista alikwenda kuanika mablanketi upande wa pili wa nyumba. Loisi akafuta mikono kwenye sketi, akakifungua kikapu, akakitoa kikopo.

Kilikuwa kikopo cha dawa ya viatu kilichosuguliwa kikang'aa. Juu ya kifuniko palikuwa na msalaba uliochorwa kwa msumari.

“Nilikigeuza mara mbili kuhakikisha,” anasema.

Msalaba ule anaujua tangu utotoni. Ni alama ya mama yake mzazi, Miriam, anayeishi Mkonze, nje kidogo ya mji. Kwa zaidi ya miaka thelathini bibi huyo huyeyusha nta ya nyuki, huichanganya na mafuta ya ufuta na samli kidogo, na kuimimina kwenye vikopo vya kila aina. Huuza majirani na sokoni. Loisi alipakwa mafuta hayo akiwa mchanga. Aliyaacha maduka yalipojaa vitu vya ng'ambo.

Akarudisha kikopo mahali pake.

“Kwanza nilimwonea wivu wa mikono. Sasa nikamwonea wivu wa mama,” anasema, akishika shuka bila kulikamua. “Mama yangu! Nilihisi kama nimemkuta mtu amelala kitandani kwangu.”

Jumapili iliyofuata alikwenda Mkonze moja kwa moja kutoka kanisani. Alimkuta Miriam akipepeta ufuta.

“Mbukwenyi,” mama alimsalimu kwa Kigogo.

Loisi hakuitika vizuri. “Mama, unamuuzia mafuta Evarista wa Njombe?”

“Namuuzia anayenunua.”

“Mimi mwanao mikono inatoka damu!”

“Wewe ulisema yananuka ng'ombe,” Miriam alijibu, ungo bado ukirukaruka mikononi. “Ulisema mbele ya mawifi zako. Yule binti anakuja kila mwisho wa mwezi. Anakaa. Ananiuliza mgongo umeamkaje. Mara ya mwisho kaniletea sukari.”

“Sukari!”

“Nusu kilo.”

Loisi anasema neno hilo la sukari lilimchoma kuliko sabuni. Alirudi Miyuji na kikopo alichopewa bure, na moyo umejaa.

Siku nane alijipaka. Kila jioni, kazi ikiisha na mikono ikiwa imekauka kabisa, alipaka mafuta mengi hadi yakachuruzika. Mipasuko haikufunga. Siku ya tisa, akikamua foronya nyeupe, ule mpasuko wa chini ya dole gumba ukafunguka, na damu ikaacha doa kubwa kama sarafu.

Akaitupa foronya kwenye beseni na kusimama.

“Una kingine!” alimpigia kelele Evarista. “Mafuta ya mama yangu ninayo. Nimeyapaka. Kuna kingine unaficha!”

Evarista aliacha kusuuza. “Kwa hiyo ulifungua kikapu changu, dada.”

Loisi anasimulia sehemu hii akitazama chini. “Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeshajitaja mwenyewe, ningekataa vipi?”

Evarista angeweza kwenda kwa Joha. Mwizi wa vikapu haajiriwi. Badala yake aliiokota foronya ile, akaiweka kwenye maji baridi yenye chumvi ili doa lisishike, kisha akamshika Loisi kifundo cha mkono na kuutumbukiza ndani ya maji.

“Toa,” alisema.

Loisi akatoa. Kwa mazoea, akaukung'uta mkono hewani.

“Hapo!” Evarista akasema. “Hapo ndipo unapojiua. Kwetu Njombe kuna baridi ya kugandisha umande. Mtoto akiacha mkono ukauke wenyewe, bibi anamchapa. Upepo ukinywa yale maji, unakunyonya na wewe. Hapa upepo wenu ni wa kukaushia nguo, mmeupa na mikono!”

Akakitoa kipande cha kitenge, akaifuta mikono ya Loisi kidole kwa kidole, katikati ya vidole pia. Haikukauka kabisa, akaiacha na unyevu mdogo. Papo hapo akapaka mafuta, kiasi cha punje mbili za ufuta.

“Yashike maji yakiwa bado ndani,” alisema. “Ukisubiri jioni unapaka ukuta.”

Loisi akauliza: kwa nini amwambie yeye, na nafasi ni moja?

Evarista, anaposimulia leo, anaona aibu kidogo. “Nilimwambia na mimi namwonea wivu,” anasema. “Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Dada Loisi ana mama wa kumfuata Jumapili na kumgombeza, halafu anapewa chakula. Mimi yule mzee wa Mkonze namwendea kwa kisingizio cha mafuta. Kikopo kimoja kinanitosha miezi miwili. Mimi nanunua kila mwezi.”

Je, maneno hayo yaliuondoa wivu wa Loisi?

“Hapana,” anajibu haraka. “Yaliupunguza kidogo, halafu ukarudi. Nilipofika nyumbani nikasema, kumbe hata ana vikopo vya akiba!”

Lakini alikata kitenge cha zamani, akachomeka kipande kiunoni.

Hiyo ilikuwa siku kumi na moja zilizopita. Leo, Jumatatu hii, mipasuko iliyobaki ni hiyo kumi na mmoja. Ilikuwa ishirini na mitatu. Wiki nzima anafanya kazi polepole kuliko kawaida yake. Anatoa mikono, anafuta, anapaka, anarudi. Bartolomayo anapita na kumpigia mluzi.

“Mabibi harusi wamekuwa wawili!”

“Leta maji, nyamaza,” Loisi anamjibu, lakini anajitazama mikono.

Jumatano anagundua kwamba Evarista naye anamtazama mikono, kwa jicho la wizi, na kugeuka haraka. Loisi anatabasamu peke yake hadi saa sita mchana. Ni siku yake nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumamosi saa tatu asubuhi Joha anawaita. Mtandio wa waridi umetandazwa mezani, pindo zake zimenyooshwa.

Evarista anaanza. Viganja vyake vinapita juu ya nailoni kama maji juu ya sahani. Joha anaitikia kwa kichwa.

Loisi anasogea. Anaweka mkono wa kushoto kwanza. Unateleza, unafika katikati, unafika pindo la pili. Hakuna uzi ulionasa. Anaachia pumzi. Anaweka wa kulia. Unateleza taratibu, vidole vinne vinapita, kiganja kinapita, na sentimita chache kabla ya mwisho, chini ya dole gumba, sauti ndogo inasikika. Uzi mmoja umesimama juu ya mtandio.

Joha anauinamia, anaurudisha kwa ukucha.

“Mmoja tu,” anasema Loisi. “Da Joha, mwaka jana zilikuwa kumi.”

“Nakumbuka mwaka jana,” anajibu Joha. Anafungua daftari. “Nguo laini ni za Evarista. Lakini mashati na shuka za wageni wa Bunge ni nyingi, na sitaki tena watu wa kuja na kuondoka. Nitakuandika kwa mashati. Elfu kumi na nane. Jina lako la pili ni nani?”

“Ndahani,” anasema Loisi. Analirudia herufi kwa herufi, ingawa hakuombwa.

Nje, Evarista anamkumbatia. Loisi anakubali kukumbatiwa, mikono yake ikiwa imening'inia. Anasema “hongera” mara moja, kwa sauti iliyo karibu na hongera ya kweli. Baadaye, akiwa peke yake penye kamba, anaanika shati jeupe na kulipigapiga mabega lisijikunje, kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika.

“Elfu kumi na nane nashukuru. Karatasi pale mlangoni nashukuru zaidi, jioni nitampeleka Yotham aione,” anasema. “Lakini yeye elfu ishirini na nane! Uzi mmoja, elfu kumi. Nitalala vipi?”

Mpango anao. Kikao kijacho cha Bunge kinatarajiwa mwishoni mwa mwaka, joto likiwa limerudi na ngozi ikiwa imepona. Ameshamwomba Joha ampime tena wakati huo. Kuanzia Jumapili hii atakuwa akienda Mkonze kila wiki kumsaidia mama yake kuyeyusha nta, ajifunze kipimo cha samli ambacho hakuwahi kuuliza. Na atabeba sukari.

“Kilo nzima,” anasisitiza.

Anapoulizwa Evarista atakwenda wapi siku yeye akipata nguo laini, anachukua kwanza kibanio cha nguo.

“Simwombei mabaya. Apate kazi kubwa zaidi, ya ofisini, mumewe apandishwe cheo, wajenge,” anasema. Anabana shati kwenye kamba. “Lakini wasihame Dodoma. Nataka siku moja apite hapa na viatu vyake vizuri, asimame pale mlangoni, anikute nimeshika gauni la hariri. Anione vizuri. Halafu namkaribisha chai.”